Saa za Willard na walioziiga

Hapa Oldonyiro niliandika programu ndogo ya kuweka hesabu za mifugo inayouzwa mnadani. Mwezi uliopita nikaikuta mjini inauzwa kwa jina jingine. Hata makosa yangu ya tahajia yamo! Nilikasirika, nikataka kuachana na kazi hii. Kisha nikakumbuka habari za mafundi saa wa Marekani.

Simon Willard alikuwa na karakana Roxbury, karibu na Boston. Mwaka 1802 alipata hataza ya saa ya ukutani yenye kichwa cha duara, shingo nyembamba na kisanduku chini. Baadaye watu waliiita banjo, maana inafanana na ala hiyo ya nyuzi. Ukiijaza mara moja, inakwenda siku 8. Vioo vyake vilichorwa kwa rangi na dhahabu upande wa nyuma, ili mapambo yasichubuke.

Hataza haikuzuia kitu. Mafundi wengi waliiga. Lakini Lemuel Curtis hakuishia kuiga: kisanduku cha chini alikifanya duara, akakizungushia vigololi vya dhahabu. Saa hiyo, girandole, wapenzi wengi wa saa huihesabu kuwa nzuri kuliko zote za Marekani.

Kule Connecticut, Eli Terry aliwaza tofauti. Mwaka 1806 aliingia mkataba wa kutengeneza mitambo 4,000 ya mbao. Alitumia mashine za nguvu za maji, na kipande cha saa hii kiliweza kuingia katika ile. Sisi waandishi wa programu tungesema moduli. Kisha Chauncey Jerome akatumia shaba, akauza rahisi mno. Alipopeleka saa zake Uingereza mwaka 1842, maofisa wa forodha walidhani bei ni ya uongo, wakaununua mzigo wote kwa bei hiyohiyo. Akaleta mwingine!

Je, waanzilishi walineemeka? Jerome alifilisika miaka ya 1850. Willard alifariki mwaka 1848 akiwa na miaka 95, bila utajiri, ilhali ndugu yake Aaron alitajirika kwa saa.

Basi nimejifunza hili: mwigaji anayeongeza kitu ni fundi mwenzangu. Huyu wangu hakuongeza hata nukta. Toleo la pili naliandika, ila sijaamua kama niliachie huria au nilifunge. Karo inanisubiri.

Wewe ungefanyaje?