Milima Miwili ya Tanzania, Nairobi

Reli ya Nairobi–Thika inapita pande hizi za Kalimoni tangu 1913. Lakini kichwa cha treni nilichotaka kuunda kwa mabati ya mikebe ni cha njia kuu ya Mombasa: Garratt ya 59. Beyer, Peacock wa Manchester waliunda 34, mwaka 1955 na 1956.

Kwa kipimo cha 1:87, mita 32 zinakuwa sentimita 36 na kitu. Niliunda kipande kimoja. Kufika kona, kikatoka relini! Ndio nikaelewa ujanja wa Garratt: boila katikati, injini mbele na nyuma, kila moja ikigeuka kivyake. Vipande vitatu, misumari miwili.

Vyote vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, enzi ambayo Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na shirika moja la reli. Shirika likavunjika 1977. Vichwa karibu vyote vikaishia chuma chakavu.

Vimebaki viwili, Makumbusho ya Reli Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania.

Changu bado sijakipa jina.