Nani Mwenye Takwimu za Kibara?

Mfikirie mama mjamzito anayehudhuria kliniki huko Kibara, kandokando ya Ziwa Victoria wilayani Bunda. Iwapo anaishi na virusi vya UKIMWI, muuguzi humwandika katika kitabu cha MTUHA, kisha katika kadi ya dawa, kisha katika fomu ya mradi wa asasi inayosaidia huduma hiyo. Mama ni mmoja, taarifa zake ni tatu.

Hali hii ina historia. Serikali ilianzisha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ili vituo vya umma na vya misheni vitoe taarifa kwa njia moja. Lakini Mfuko wa Dunia ulipoanza mwaka 2002 na PEPFAR ya Marekani mwaka 2003, fedha ziliingia pamoja na masharti. Kila mfadhili alitaka viashiria vyake, kwa tarehe zake. Asasi nyingi zikageuka makarani wa wafadhili.

Wataalamu wa kompyuta walikwisha kutoa jibu. DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ilichipuka kutokana na kazi iliyofanyika Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuijenga hapa nchini. Ajabu ni kwamba mfumo wa taarifa wa PEPFAR, uitwao DATIM, nao umejengwa juu ya DHIS2 hiyo hiyo. Programu ni moja, ila funguo ziko mikononi mwa watu tofauti. Kilichotutenganisha hakikuwa teknolojia, kilikuwa mamlaka.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mifumo ya takwimu ya PEPFAR ikazimwa. Wahenga walitwambia: cha kuazima hakisitiri maungo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda siri ya mama yule, na ndivyo ipasavyo, kwani kijijini siri ikivuja hairudi. Hata hivyo, kulinda jina hakuzuii kugawana hesabu. Kila mkataba wa asasi na halmashauri useme wazi: jumla za takwimu zibaki wilayani, na zirudi kwa muuguzi aliyeziandika.

Anayehesabiwa bila kusomewa hesabu yake ametumika tu.