Wakorino: sheria na imani

Wakorino ni Wakristo wa makanisa huru yaliyoanzishwa na Wakikuyu wa Kenya ya kati mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1934 polisi wa kikoloni walimuua kiongozi wao, Joseph Ng'ang'a, pamoja na wenzake wawili. Leo Wakorino wako pia Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa.

Wanatambulikana kwa vilemba vyeupe, vinavyohusishwa na kilemba cha kuhani katika kitabu cha Kutoka. Kabla ya ibada huvua viatu, kama Musa alivyoamriwa mbele ya kijiti kilichowaka moto. Wengi hawali nguruwe, na wapo waliokataa dawa za hospitali wakitegemea maombi. Masharti haya ya usafi hutofautiana kati ya kanisa na kanisa.

Masharti hayo huzua swali la uhusiano wa sheria na imani. Mtume Paulo alifundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo ya sheria; Yakobo akasisitiza kwamba imani bila matendo imekufa. Kwa hiyo, licha ya masharti yao, Wakorino hawastahili kuitwa watumwa wa sheria: kwao, utii ni tunda la imani, na usafi ni heshima kwa Roho Mtakatifu.