Leseni Inayoishia Mpakani

Huko Marekani mama mwenye hofu ya kumrithisha mwanawe selimundu anaweza kumpata kwa simu mtaalamu wa kumweleza hatari hiyo, na bado mtaalamu akashindwa kumhudumia. Elimu anayo. Ila leseni yake ni ya jimbo jingine.

Jambo hili lina mizizi mirefu. Katiba ya nchi ile iliyaachia majimbo mamlaka yote ambayo serikali ya shirikisho haikupewa, na kazi ya tiba ikaangukia humo. Mwaka 1882 jimbo la West Virginia lilimtaka kila daktari awe na cheti cha chuo kinachoheshimika, au uzoefu wa miaka kumi, ama afanye mtihani. Bwana Frank Dent, aliyekuwa akitibu tangu 1876, alipeleka cheti cha chuo cha Cincinnati, katika jimbo jirani la Ohio. Bodi ikakikataa. Akaendelea kutibu, akashtakiwa, akatozwa faini. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1889 majaji wakasema jimbo lilikuwa na haki. Tusimlilie sana Dent, maana enzi zile matapeli walijaa, na vyuo vya kuuza vyeti vilikuwapo.

Washauri wa magonjwa ya kurithi walizaliwa ndani ya nyumba hiyo. Jina la kazi yao alilitoa Sheldon Reed mwaka 1947, na chuo cha Sarah Lawrence, New York, kikaanza kuwafundisha mwaka 1969. Haja yao ilionekana upesi. Mapema miaka ya 1970 majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwapima watu weusi selimundu, nyingine zikimchanganya mgonjwa na yule aliyebeba chembe ya urithi tu. Watu wazima kabisa walinyimwa kazi na bima kwa sababu hawakuwa na wa kuwafafanulia majibu, wala waajiri wao hawakuwa naye.

Leseni zilichelewa. Utah ilianza kuzitoa mwaka 2002. Sasa majimbo zaidi ya 30 yanazidai. Mtihani wa bodi ya taifa ni mmoja, lakini fomu na ada ni za kila jimbo, na sheria huangalia alipoketi mgonjwa, si mshauri. Wakati wa korona mwaka 2020 majimbo mengi yalilegeza kamba, kisha yakaikaza tena. Wauguzi wana mkataba wao tangu mwaka 2000: leseni moja hutumika katika majimbo yote wanachama. Washauri hawa, ambao nchi nzima ni elfu chache tu, bado wanajaza fomu.