Bei Hupangwa Mbali: Karne ya Dhahabu Tanzania

Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamefungiwa bahari na manowari za Waingereza huku majeshi ya Ubelgiji yakikaribia kutoka magharibi, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha fedha. Dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, iliyeyushwa ikawa sarafu za rupia 15, tembo akiwa amesimama mbele ya mlima. Septemba mwaka huohuo Tabora ikatekwa. Leo sarafu hizo hunadiwa ughaibuni kwa bei inayozidi mbali thamani ya dhahabu iliyomo.

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata, dhahabu ya nchi hii ilisafirishwa nje, na thamani yake ikapangwa London na New York. Ukiisoma historia ya madini yetu kwa kufuata majina ya watawala, utaona ukoloni, ujamaa, ubinafsishaji, kisha uzalendo wa rasilimali. Ukiisoma kwa kufuata bei ya wakia moja, utaona mambo mengine, na kwangu mimi usomaji huu wa pili unaeleza mengi zaidi.

Tazama Lupa, Chunya. Dhahabu ilionekana huko mwaka 1922, lakini watu walifurika hasa miaka ya 1930. Kilichobadilika katikati ni bei: Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu mwaka 1931, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha wakia kutoka dola 20.67 hadi 35. Geita nayo ikapata mgodi, uliofanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966 na kutoa takriban wakia milioni moja. Lakini dola zile 35 ziliendelea kuwa 35. Mishahara ilipanda, dizeli ikapanda, vipuri vikapanda, na bei ya dhahabu ikabaki palepale. Mwaka 1966 Geita ikafungwa, mapema kuliko Azimio la Arusha. Wanaoulaumu ujamaa kwa kufa kwa dhahabu ya Tanganyika hawajaitazama kalenda.

Almasi ilikwenda njia yake. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aliigundua Mwadui mwaka 1940, na mji mzima ukajengwa kuuzunguka mgodi. Almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana mwaka 1947 akampa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi. Alipofariki mwaka 1958, mgodi ulinunuliwa na serikali na De Beers, nusu kwa nusu. Jambo hili halitajwi vya kutosha. Tunapoisifu Botswana kwa ubia wake wa nusu kwa nusu na kampuni hiyohiyo, tukumbuke kuwa Tanganyika ilikuwa na mgawo huo wakati Botswana ingali Bechuanaland, miaka kadhaa kabla ya Orapa kugunduliwa mwaka 1967. Kwa hiyo asilimia peke yake haielezi kwa nini nchi moja ilifika ilikofika na nyingine ikabaki nyuma. Botswana ilipata miamba mikubwa zaidi, ni kweli. Lakini pia ilianzisha Mfuko wa Pula mwaka 1994 na kuweka akiba humo.

Mwaka huohuo wa Orapa, tanzanaiti iligunduliwa Mirerani. Miaka ya 1970 migodi ilitaifishwa, na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, likaundwa mwaka 1972. Mwalimu Nyerere hunasibishwa na wazo kwamba madini hayaozi, yangoje ardhini mpaka Watanzania wawe na ujuzi wa kuyachimba wenyewe. Wazo lenyewe lilikuwa na mantiki, ila lilihitaji kitu kimoja ambacho hakikutimia: ujuzi huo ujengwe wakati wa kungoja. Na watu hawakungoja. Dhahabu iliyokuwa dola 35 ilipanda hadi kufikia dola 850 mwanzoni mwa 1980, na wakati huo maduka ya ushirika hayakuwa na sukari wala sabuni. Vijana wakaingia porini kuchimba.

Uchumi uliozaliwa huko ungalipo. Duara, yaani shimo la mgodi, huchimbwa kwa nyundo, moko na kamba. Mwenye duara, mwenye leseni na wachimbaji hugawana mifuko ya mawe kwa mapatano yanayojulikana na wote ingawa hayajaandikwa. Mawe huenda kwenye karasha, unga huenda mwaloni kuoshwa, na dhahabu hukamatwa kwa zebaki kisha huchomwa, mara nyingi uani, karibu na jiko la chakula. Mabaki, yaani marudio, huuzwa tena kwa wenye mitambo ya sayanaidi, ambao mara nyingi hupata dhahabu nyingi kuliko aliyeyachimba. Madhara ya zebaki kwa mishipa ya fahamu yanajulikana siku nyingi, na Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata. Hata hivyo, atakayemwomba mchimbaji aache zebaki sharti awe na njia nyingine ya bei nafuu mkononi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilijaribu kununua dhahabu hii kwa bei iliyokaribia ya soko la magendo, na kwa muda dhahabu ikajitokeza kwenye vitabu vya serikali. Kisha upepo ukageuka kuelekea wawekezaji wakubwa. Mwaka 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, tukio ambalo yaliyotokea ndani yake yanabishaniwa hadi leo. Mwaka 1998 ikaja Sheria ya Madini: mrabaha wa asilimia 3 kwa dhahabu, misamaha ya ushuru, na mikataba iliyozuia kodi kubadilishwa. Migodi mikubwa ikaanza: Golden Pride ya Nzega ilitangulia, ikafuata Geita mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, North Mara 2002.

Wengi husema waliotunga sheria ile walihongwa au walilala. Huenda wapo. Lakini mwaka ule wakia ilikuwa chini ya dola 300, na kampuni zilikuwa na nchi nyingi za kuchagua. Tulipatana bei sokoni siku ambayo muuzaji ana njaa. Kosa kubwa zaidi ni kuyafungia masharti ya siku ya njaa kwa miaka mingi, bila kifungu cha kusema bei ikipanda mgawo nao upande.

Na bei ikapanda. Mwaka 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulisainiwa London. Mbunge Zitto Kabwe alipouhoji bungeni akasimamishwa, na mtaani akageuka shujaa. Tume ya Jaji Mark Bomani ikaundwa, sheria mpya ikaja mwaka 2010, mrabaha ukawa asilimia 4 ya thamani yote ya mauzo. Mwaka 2017 Rais Magufuli alizuia makinikia, yaani mchanga wa madini, bandarini. Kampuni ya migodi ya Acacia ikadaiwa kodi, faini na riba za takriban dola bilioni 190, zaidi ya mara tatu ya pato la taifa la mwaka mzima. Mzozo ulimalizwa kwa dola milioni 300. Watu hukumbuka tofauti ya tarakimu hizo mbili. Mimi naona jambo la kudumu lilikuwa kwenye masharti ya mapatano na ya sheria ya 2017: asilimia 16 ya hisa zisizolipiwa, kampuni ya pamoja ya Twiga, mrabaha wa asilimia 6, na haki ya Bunge kupitia mikataba.

Masoko ya madini yaliyoanza mwaka 2019 hayakupigiwa kelele kama makinikia, nayo yamefanya kazi kubwa. Mchimbaji mdogo aliondolewa kodi ya ongezeko la thamani na ya zuio, akapewa mahali pa kupima na kuuza kwa bei inayoonekana ukutani. Kuuza kwa siri kukapoteza faida.

Buzwagi ilifungwa mwaka 2021, baada ya uhai wa miaka 12 tu. Mtoto aliyezaliwa Kahama mgodi ulipofunguliwa hakuwa amemaliza shule ya msingi. Eneo hilo sasa linageuzwa kuwa la viwanda. Uamuzi huo naupenda, ingawa ungekuwa rahisi zaidi kama ungepangwa tangu jiwe la kwanza. Geita, ambayo mgodi wake wa sasa kwa mwaka mzuri hutoa takriban nusu milioni ya wakia, kiasi ambacho mgodi wa zamani ulikipata kwa miaka 15, nayo itafika huko.

Tangu 2023 Benki Kuu inanunua tena dhahabu ya ndani, na kuanzia 2024 wanaouza dhahabu nje wanatakiwa kutenga asilimia 20 kwa soko la nchini. Mwaka 2025 wakia ilivuka dola 4,000. Sheria ya 2017 bado haijakutana na anguko la bei kama lile lililoanza 1980 na kudumu miaka 20. Siku hiyo ikifika, wawekezaji watakuja na maombi yaleyale ya 1998, na serikali isiyo na akiba itayasikiliza. Kwa mafuta na gesi, Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha mfuko wa mapato mwaka 2015, kabla mtambo wa kusindika gesi ya bahari kuu haujawekwa hata msingi. Dhahabu, inayouzwa kila siku, mapato yake yanaingia katika bajeti ya mwaka na kuisha humo.