Chatu, Pembe za Faru na Barabara ya Mombasa

Katika ghala moja la serikali mjini Mombasa, miaka ya 1970, kulikuwa na kijana aliyelipwa kupanga meno ya ndovu na pembe za faru. Nyingine zilinyang'anywa majangili, nyingine zilitoka porini kwa njia nyingine, na zote zilikuwa zikisubiri mnada. Kijana huyo, Michael Werikhe, alizaliwa Mombasa mwaka 1956 na aliwapenda wanyamapori tangu hajaajiriwa. Alichokikuta ndani ya ghala kilimshinda. Aliiacha kazi, akaenda kutafuta riziki kwenye kiwanda cha kuunganisha magari mjini humohumo, upande wa ulinzi.

Ukiuliza matembezi ya hisani ya masafa marefu yalianza vipi Kenya, watu watakutajia kampuni, benki na wake wa marais. Mimi naanza na mlinzi huyo wa kiwandani.

Hesabu za wakati ule zilikuwa za kutisha. Karibu na mwaka 1970, Kenya ilikadiriwa kuwa na faru weusi 20,000. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, hawakufika 400. Sababu hazikuwa siri. Bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970, vijana wa Yemen walimiminika Saudi Arabia kufanya kazi, wakarudi na fedha ambazo baba zao hawakuwahi kuziona. Jambia lenye mpini wa pembe ya faru, lililokuwa pambo la wachache, likawa ndoto ya kila mwenye mshahara. Huko Asia Mashariki nako pembe ilisagwa ikawa dawa ya homa. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka huohuo mkataba wa kimataifa wa CITES ukaufunga mlango wa biashara ya pembe kwa faru wa kila aina. Kwenye karatasi mnyama alikuwa salama. Porini, mwenye bunduki alikuwa bado anamfuata.

Wazo la kutembea kwa ajili ya jambo fulani halikuanzia Mombasa. Waholanzi walianza matembezi ya siku nne tangu 1909, yale yanayofanyika Nijmegen hadi leo, ambako mtu hutembea kilomita 30, 40 au 50 kila siku kwa siku nne mfululizo. Yale ni ya ukakamavu kuliko hisani, lakini ndiyo yaliyowafundisha Wazungu wengi kwamba siku ya kwanza humdanganya mtembeaji na siku ya pili humwambia ukweli. Afrika Mashariki nako tulikuwa na ya kwetu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Watanzania wengi walitembea kwa miguu kuliunga mkono. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoka Butiama akaenda Mwanza kwenye mkutano wa TANU, zaidi ya kilomita 200. Kijana mmoja, Seti Benjamin, alifia safarini. Matembezi hayo yalikuwa ya siasa na hayakuomba senti, ila yaliacha kumbukumbu kwamba mtu akija kwa miguu kutoka mbali, husikilizwa.

Aliyeunganisha miguu na fedha mbele ya macho ya dunia alikuwa kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa saratani. Alijifua kwa zaidi ya mwaka, na Aprili 1980 akaanza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu mmoja wa kuzaliwa na mmoja wa bandia, karibu kilomita 42 kila siku. Aliomba dola moja tu kwa kila Mkanada. Baada ya siku 143 na kilomita 5,373, saratani iliyoingia mapafuni ilimsimamisha. Akiwa bado hai, mwanzoni mwa 1981, mchango ulivuka dola milioni 24, takriban sawa na idadi ya watu wa Kanada wakati huo.

Werikhe hakuwa na kamera za namna hiyo. Mwishoni mwa 1982 alitoka Mombasa kuelekea Nairobi, na kama hilo halikutosha kuwashangaza watu, alibeba chatu aliyemwita Survival.

Barabara hiyo wengi wetu tunaijua kwa kulala ndani ya basi. Mtembeaji huijua kwa namna nyingine. Akishapita Mazeras na Mariakani, minazi humuaga na nyika ya Taru humpokea: ardhi nyekundu, miiba, maji ya shida. Kutoka Voi kwenda Mtito Andei barabara inapita katikati ya Tsavo, Mashariki mkono mmoja na Magharibi mkono wa pili, na simba wa pale wana sifa tangu reli ilipojengwa hapo mwaka 1898. Halafu Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud, huku barabara ikipanda taratibu hadi mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Anayetoka Pwani kwenye joto la kaskazi hufika Nairobi akiona baridi. Upande wa kulia malori yanamvuma sikioni saa zote.

Masafa yote ni kama kilomita 480. Alitumia siku 27. Gawanya, utapata chini kidogo ya kilomita 18 kwa siku, mwendo ambao mzee mwenye bakora anaumudu. Waliozoea Nijmegen wangecheka. Lakini mwendo ulikuwa wa polepole kwa sababu kazi yenyewe haikuwa kutembea. Kazi ilikuwa kusimama. Kila palipokuwa na watu, alizungumza nao kuhusu faru, bila kipaza sauti. Chatu alifanya kazi ya tarumbeta: watoto walikimbilia kumwona nyoka, wakubwa wakaja kuwatazama watoto, na mkutano ukawa umejaa kabla hajafungua mdomo.

Ikumbukwe pia mwaka wenyewe. Jaribio la kuipindua serikali la Agosti 1, 1982 lilikuwa na miezi michache tu. Serikali ilikuwa na wasiwasi na kila mkusanyiko, na mikutano ya hadhara ilihitaji kibali. Katika hali hiyo mtu mmoja mwenye mkoba na nyoka alipita vijijini akiongea na wananchi kuhusu mali ya taifa inayoibwa. Sijui kama yupo mwanasiasa wa miaka ile aliyeweza kuzungumza na wanakijiji wengi namna hiyo bila kuandamana na askari.

Na fedha? Hapa ndipo wengi wanaosimulia habari za Werikhe hukimbia. Wanaruka moja kwa moja hadi mamilioni ya Ulaya. Kenya ya 1982 ilikuwa nchi ya harambee. Shule, zahanati na mabomba ya maji vilijengwa kwa michango ya hadharani, mgeni rasmi akitangaza kiasi chake kwanza na wengine wakifuata kwa majina. Ni mfumo mzuri kwa darasa la kijijini ambalo mtoto wa mchangaji atakalia dawati lake. Kwa faru haufai. Mkulima wa Kibwezi hakuwa na deni kwa faru, na mara nyingi mnyama wa porini kwake alikuwa hasara ya shamba. Kumwomba shilingi mtu huyo kungekuwa dhihaka. Werikhe alielewa, na kwa watu wa njiani aliomba masikio yao. Fedha alizitafuta kwa wenye nazo.

Mwaka 1985 aliitembea Afrika Mashariki kwa upana zaidi, katika Uganda, Kenya na Tanzania, yapata kilomita 2,000. Uganda ilikuwa imekwisha kumpoteza faru wake wa mwisho wa porini mwanzoni mwa muongo huo, kwa hiyo upande ule alikuwa akihubiri kama mtu anayehudhuria arobaini ya jirani. Mwaka 1988 alivuka bahari. Alianza Italia, akamaliza Uingereza, kilomita 3,000 hivi, na fedha zilizopatikana zilikadiriwa kufika dola milioni moja. Mwaka 1991 alifanya Amerika Kaskazini.

Ulaya na Marekani tayari walikuwa na utaratibu aliouhitaji. Tangu miaka ya 1960, shule na makanisa ya huko yalikuwa yakiendesha matembezi ya ahadi: mtoto anazunguka mtaa na karatasi, jirani anaandika atatoa kiasi gani kwa kila maili, mtoto anatembea, kisha anarudi kudai. Ukiongeza bustani za wanyama, ambako mamilioni ya watu huwaona faru wakiwa hai kila mwaka na walezi wao hujua kila mmoja kwa jina, unapata mtandao uliokuwa ukingoja mtu wa kuuwasha. Walezi hao wa Marekani walianzisha mwaka 1990 michango yao wenyewe ya faru, kwa mchezo wa kuangusha vigingi kwa mpira, na sehemu kubwa ya fedha imekuwa ikija Kenya, katika hifadhi ya Lewa.

Tuzo nazo zilikuja: ya Umoja wa Mataifa ya Global 500 mwaka 1989, na Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 1990, mwaka wake wa kwanza kabisa kutolewa.

Fedha za aina hii zilifanya nini? Zilinunua waya. Hilo halina mvuto kwenye bango, lakini ndilo lililomwokoa faru. Kenya iliamua katikati ya miaka ya 1980 kwamba faru waliobaki, waliotawanyika mmoja hapa wawili kule, wakusanywe mahali panapolindika. Ngulia ndani ya Tsavo Magharibi ilianza 1986. Ziwa Nakuru, mwaka 1987, ilizungushiwa uzio wa umeme hifadhi nzima. Uzio unataka nguzo, nguzo zinataka walinzi, walinzi wanataka redio, gari, mafuta na mshahara kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna anayetembea.

Baada ya Werikhe, biashara ya matembezi ya hisani imekuwa kubwa. Marekani, matembezi ya siku tatu ya saratani ya matiti, kilomita 96, yamekuwa yakimtaka kila mshiriki kuchangisha dola 2,300 kabla hajaruhusiwa kupiga hatua. Mazoezi yake hupangwa kwa takriban miezi sita, na kanuni yake kuu ni ileile ya Nijmegen: tembea Jumamosi, kisha Jumapili tembea tena ukiwa na maumivu ya Jumamosi. Viatu vizoeshwe mapema na viwe vikubwa kidogo, kwa kuwa miguu huvimba. Lengelenge lishughulikiwe likiwa joto tu, kabla halijajaa maji. Tanzania ina Kili Challenge ya Mgodi wa Geita, tangu 2002, ambayo hupandisha watu Kilimanjaro kwa ajili ya vita dhidi ya UKIMWI. Kenya, Jim Nyamu alichukua fimbo kwa ajili ya ndovu, na mwaka 2013 alitembea Mombasa hadi Nairobi, kisha Boston hadi Washington.

Lakini matembezi mengi tunayoalikwa leo mijini ni ya kilomita tano, asubuhi ya Jumamosi, na fulana mpya. Mgeni rasmi hutembea hatua mia mbili mbele ya kamera, hundi kubwa ya kadibodi hupokelewa, na saa nne watu wako kwenye supu. Siyadharau. Kituo cha watoto hakiulizi fedha zilitembea kilomita ngapi. Ila tusiyaite ndugu wa yale ya 1982. Kampuni ilikwisha kuamua kutoa, na matembezi ni shukrani yake kwa wapiga picha. Werikhe alianza kutembea kabla ya mtu yeyote kuamua lolote, na alitembea miaka sita kabla ya fedha kubwa kuonekana.

Agosti 1999 alivamiwa na wanyang'anyi mjini Mombasa, akafariki kwa majeraha akiwa na miaka 43. Wakati huo faru weusi wa Kenya hawakuzidi 500, karibu wote wakiwa nyuma ya nyaya na walinzi. Leo wamepita 1,000.