Mchoraji Aliyeona Kabla ya Polisi

Wanafunzi wa uchoraji wamejipanga nyuma ya turubai zao, brashi mkononi. Mbele yao kuna jukwaa dogo la mbao lililofunikwa kitambaa, na Sonia, mwanamke anayelipwa ili achorwe, anajilaza juu yake apate kurudia mkao wa jana. Hakai sawasawa. Mwanafunzi mmoja anamwendea, anamshika bega na kulisukuma chini lifuate alama zilizochorwa pale. Sonia anashtuka, macho yanamtoka, kisha hasemi tena. Chini ya kitambaa, katika upenyo kati ya mbao mbili, mtu alikuwa amesimamisha jambia, ncha juu.

Ndivyo mauaji yanavyotokea katika Artists in Crime, riwaya ya Ngaio Marsh iliyotoka mwaka 1938. Mwenye darasa lile ni Agatha Troy, mchoraji mashuhuri anayefundisha nyumbani kwake mashambani Uingereza. Siku hiyo aliingia katika riwaya ya upelelezi na hakutoka tena kwa zaidi ya miaka arobaini. Kabla yake wachoraji walikuwa wamekwisha kupita humo, lakini wengi wao kama washukiwa au maiti. Dorothy L. Sayers, kwa mfano, aliandika The Five Red Herrings mwaka 1931 akiiweka kusini-magharibi mwa Uskoti, katika jamii nzima ya wachoraji, na fumbo lote likategemea kitu kimoja kilichokosekana katika vifaa vya marehemu. Riwaya nzuri sana ile, ila anayekigundua kitu hicho ni bwana mkubwa anayepeleleza kwa kujifurahisha. Troy alileta jambo jingine: mwanamke ambaye kazi yake ya kila siku, kutazama, ndiyo inayomfanya aone kile ambacho wengine wamekipita.

Ili kuelewa alikotoka Troy, inafaa kwenda Christchurch, kwenye Kisiwa cha Kusini cha New Zealand. Edith Ngaio Marsh alizaliwa huko mwaka 1895. Baba yake alikuwa karani wa benki. Jina Ngaio ni la Kimaori, jina la mti wa huko. Kuanzia mwaka 1913 alisoma katika Shule ya Sanaa ya Chuo cha Canterbury, na huko ndiko alikoyajua yale majukwaa ya mbao, zile alama, harufu ya rangi za mafuta na tapentaini, na ile hali ya ajabu ya watu kumi na zaidi kumkodolea macho binadamu mmoja kwa saa nyingi bila mtu kuona vibaya. Ngaio hakulibuni hewani jambia la Artists in Crime. Mtu asiyewahi kukaa katika chumba kile asingejua kwamba bega la mwenye kuchorwa husukumwa kila asubuhi mahali palepale, sentimita ile ile.

Alitaka kuwa mchoraji, na alijaribu kwa dhati. Mwaka 1927 wachoraji vijana wa Christchurch, wanawake wakiwa wengi, waliunda umoja wao na kuuita The Group, kwa kuwa maonyesho rasmi ya mji yaliwabana. Ngaio alikuwa miongoni mwa waasisi, na miaka ya baadaye umoja huohuo ulipitiwa na Rita Angus na Colin McCahon, wachoraji wanaotajwa kati ya wakubwa kabisa wa nchi ile. Mwaka 1928 alipanda meli kwenda Uingereza. Meli ilipitia Afrika Kusini, na soko la Waafrika mjini Durban lilimkaa machoni hadi akalichora. Mwanamke mrefu huyu, mwenye sauti nzito, aliyependa kuvaa suruali wakati ambapo suruali kwa mwanamke ilikuwa bado jambo la kuulizwa, alifika London na kwa muda akaendesha na rafiki yake duka dogo la mapambo ya mikono.

Kisha ikaja siku ya mvua mwaka 1931. Ngaio alikuwa katika nyumba ya chini ya ardhi mjini London, amemaliza kusoma riwaya ya upelelezi ya kuazima, akajiuliza kama yeye hawezi kuandika yake. Alitoka mvuani, akanunua madaftari na penseli, akaanza. Kitabu hicho, A Man Lay Dead, kilichapishwa mwaka 1934, na ndani yake akazaliwa Roderick Alleyn, ofisa wa Scotland Yard, aliyepewa jina la Edward Alleyn, mwigizaji wa zama za Shakespeare. Lakini kabla kitabu hakijatoka, mama yake aliugua. Ngaio alirudi New Zealand mwaka 1932, na mama akafariki mwaka huohuo. Tangu hapo aliishi na baba yake katika nyumba ya vilima vya Cashmere, juu ya Christchurch, akiandika vitabu kuhusu Uingereza akiwa upande wa pili wa dunia.

Uchoraji haukuachwa siku moja. Katikati ya miaka ya 1930 alichora vibarua wakiwa machimboni, picha yenye nguvu inayoonyesha kwamba mkono ulikuwepo. Lakini vitabu vilianza kula siku. Na hapo, nadhani, ndipo siri ya Troy ilipo. Ngaio alimpa mwanamke wa kubuni maisha ambayo yeye mwenyewe alikuwa anayaacha: studio kubwa, jina linaloheshimiwa, picha zinazogombewa, na ruhusa ya kusahau kila kitu mbele ya turubai. Hata jina alilichagua kwa makini. Hakuna amwitaye Agatha. Anasaini picha Troy, marafiki humwita Troy, na hata mumewe humwita Troy.

Tunamkuta mara ya kwanza melini, bandarini Suva, Fiji. Amevaa suruali iliyochakaa na kuchafuka, anapambana na mchoro wa gati kabla meli haijang'oa nanga, na hana hata chembe ya hamu ya kuzungumza na bwana mrefu mtanashati aliyetokea nyuma yake. Bwana huyo ni Alleyn. Riwaya za wakati ule zilizoea wanawake wanaozimia au wanaongoja kuokolewa. Troy anakasirika kwa sababu mwanga unahama. Baada ya mauaji ya darasani, mwanamume anayempenda ndiye anayekuja kumhoji kama mshukiwa, na Troy hajifanyi kuwa jambo hilo ni jepesi. Walioana baadaye, baada ya kisa kingine, na Ngaio hakuifanya ndoa kuwa mwisho wa kazi ya mwanamke. Troy alibaki na studio yake.

Kitabu ambacho Troy anang'ara kuliko vyote ni Final Curtain, cha mwaka 1947. Vita vimekwisha, Alleyn yuko New Zealand kwa kazi, na Troy anaitwa kwenye jumba la Ancreton kumchora Sir Henry Ancred, mwigizaji mzee anayetaka kukumbukwa katika mavazi ya Macbeth. Nyumba imejaa jamaa zake, wote wenye damu ya uigizaji, wote wakilia na kusamehe kwa sauti kubwa. Mambo ya kitoto yanaanza kutokea. Rangi inapakwa kwenye kishikio cha ngazi. Mtu anaandika tusi kwenye kioo cha mzee. Kisha picha yenyewe inavamiwa: asubuhi moja Troy anakuta ng'ombe wa kijani akiruka angani nyuma ya Macbeth wake.

Kuna ucheshi mwingi katika kurasa hizi, na ni ucheshi wenye kazi. Kila mtu anamlaumu Panty, mjukuu mtundu kupindukia. Troy haamini. Amekaa siku kadhaa akiwasoma watu hawa kama mchoraji asomavyo sura: nani anamtazama nani mezani, nani anacheka kabla ya mzaha kwisha, nani amenyamaza pasipostahili. Hana daftari la mpelelezi, wala hafuati nyayo. Mzee anafariki usiku wa sherehe yake ya kuzaliwa, na Alleyn anaporudi London, Troy anamkalisha na kumsimulia Ancreton, chumba kwa chumba, uso kwa uso. Nusu nzima ya kitabu imepita bila polisi, lakini ushahidi wote umekwisha kukusanywa.

Msomaji aliyelelewa na visa vya Bwana Msa atahisi yuko nyumbani hapo. Muhammed Said Abdulla alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, alimpa mpelelezi wake wa Unguja kiko, subira na uhuru wa mtu asiye polisi, akamweka katikati ya majirani na masengenyo yao. Tofauti ni kwamba Bwana Msa anajua kuwa anapeleleza. Troy anadhani anachora tu.

Mwaka 1968 Ngaio alimpa Troy safari ya peke yake. Clutch of Constables ni jina lenye utani ambao Kiswahili kinaushika bila taabu, kwa kuwa nasi tuna makonstebo: kundi la maofisa wa polisi, na papo hapo John Constable, mchoraji wa Kiingereza wa mito na mashamba. Troy, amechoka baada ya maonyesho yake, anaona tangazo la nafasi katika boti ya watalii iitwayo Zodiac, anaikata bila kufikiri. Chumba kimepatikana kwa sababu aliyekiweka ameghairi. Aliyekiweka, kumbe, ameuawa. Ndani ya boti kuna walanguzi wa picha za kughushi, na bahati yao mbaya ni kusafiri na mwanamke anayejua jinsi Constable alivyopaka mawingu. Troy anashuka bandari baada ya bandari, anaingia vituo vya polisi vya miji ile midogo kueleza mambo anayoyaona madogo, na hataki kudharauliwa. Humo pia yumo Dakta Natouche, daktari mwenye asili ya Ethiopia, ambaye baadhi ya abiria wanamtenga kwa sababu ya rangi yake. Troy anakaa naye, anazungumza naye, na kitabu kinawaonyesha wale wengine walivyo.

Miaka sita baadaye, katika Black as He's Painted, Ngaio aliligusa bara letu kwa mkono usio mwepesi vile. Rais wa nchi ya kubuni ya Afrika anafika London, na nchi hiyo inaitwa Ng'ombwana. Mswahili halitamki jina hilo bila kusikia ng'ombe na bwana ndani yake, na anayebeba mkuki wa heshima anaitwa humo kwa neno letu hasa: mlinzi. Mikuki hiyo na ngoma zake zimetoka katika Afrika ya kufikirika, na kitabu kimezeeka vibaya kuliko vingine. Kilichobaki kizima ni Troy. Anamwona rais, anasahau hatari na itifaki, anachotaka ni kumchora. Kurasa zile za turubai ni za mtu anayeijua kazi.

Ngaio Marsh aliandika riwaya thelathini na mbili, zote za Alleyn. Mwaka 1949 wachapishaji wake walitoa vitabu vyake kumi kwa mpigo, nakala 100,000 kila kimoja, na mwaka 1966 Uingereza ilimtunuku hadhi ya Dame. Alifariki Februari 1982. Nyumba ya Cashmere ni makumbusho leo, na hufunguliwa kwa wageni. Anayetaka kumsoma asianze na kile cha kwanza, ambacho aliandika akiwa bado anajifunza kazi. Aanze na Final Curtain, na akifika kwa yule ng'ombe wa kijani asikimbilie ukurasa unaofuata. Amtazame vizuri, kama Troy alivyomtazama.